Nimebarikiwa, na Deni Bado Lipo

Katika makanisa mengi ya walokole hapa Uganda, swali la "habari yako?" lina jibu moja tu linalokubalika: "Nimebarikiwa." Muulize aliyezika wiki iliyopita, muulize ambaye hajui karo ya muhula ujao itatoka wapi, muulize aliyetoka maabara jana na majibu mabaya mkononi. Jibu ni lile lile, tena kwa tabasamu. Anayethubutu kusema "Ndugu zangu, mambo yamenizidi" hukatizwa haraka: usikiri hivyo, utajiitia balaa kwa kinywa chako mwenyewe. Nimeyasikia maneno hayo katika ibada za Kiluganda na za Kiingereza kule Kampala, na nayasikia katika ibada za Kiswahili huku Busia, ambako wachuuzi wa mpakani, madereva wa malori na familia za askari huabudu pamoja kwa lugha inayowakutanisha.

Niseme mapema nasimama wapi. Kuchagua mtazamo mwema ni wajibu wa kila Mkristo, wala si suala la maumbile, kwamba fulani kazaliwa mchangamfu na fulani kazaliwa mnunaji. Manung'uniko ya kila siku yamevunja nyumba nyingi na kutawanya makanisa. Lakini mtazamo unaojengwa kwa kuficha ukweli hauwi imani tena. Unakuwa hofu, hofu kwamba jambo baya likitajwa mbele za Mungu, Mungu atashindwa nalo. Na sisi Waganda, Wasamia, Waacholi, Wakonzo na wengine wote wa nchi hii hatuna haja ya kulitafuta funzo hili mbali. Tumelipata hapa hapa, kwa gharama kubwa.

Tuanze na andiko linalopendwa sana kubandikwa kwenye vioo vya teksi na milango ya malori yanayopita hapa kwenda Kampala na kurudi Mombasa: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Wafilipi 4:13. Dereva analisoma kila asubuhi anapofungua mlango, na ni vizuri alisome. Shida ni kwamba tumelikata kutoka kwa ndugu zake. Mstari wa 12, uliotangulia, unasema Paulo amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mstari wa 14, unaofuata, anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki naye katika dhiki yake. Kwa hiyo mtu anayeyaweza mambo yote ndiye huyo huyo anayekiri kwamba alikuwa na njaa, kwamba alipungukiwa, na kwamba kama si fedha waliyomtumia watu wa Filipi hali yake ingekuwa ngumu zaidi. Aliandika akiwa kifungoni. Barua hiyo tunaiita barua ya furaha, na kweli neno "furahini" limejaa humo, lakini katika sura ya 2 anaeleza jinsi Epafrodito alivyougua karibu na kufa, na kwamba Mungu alimhurumia Paulo asipatwe na huzuni juu ya huzuni. Katika sura ya 3 anasema waziwazi kwamba anaandika kwa machozi.

Basi furaha ya Paulo ilikaa chumba kimoja na machozi yake, wala hakuona haja ya kumfukuza mmoja ili mwingine apate nafasi. Tena anasema alijifunza kuwa radhi. Hakuamka siku moja akajiambia "kuanzia leo mimi ni mtu chanya" ikawa hivyo. Alijifunza njiani, kwa miaka, pamoja na watu, katika mapigo na katika shibe. Wanaohubiri kwamba mtazamo ni suala la kuamua tu asubuhi wanasema nusu ya jambo. Uamuzi upo, na ni wa kila siku, lakini ni uamuzi wa kwenda shule.

Jina lenyewe la walokole tumelirithi kutoka kwa watu ambao wangeshangaa kutusikia leo. Uamsho ulioenea Rwanda, Uganda na baadaye Afrika Mashariki nzima katika miaka ya 1930 ulichipuka katika urafiki wa watu kama Simeoni Nsibambi wa Kampala na daktari Joe Church wa Gahini. Waliosimama katika mikutano ile hawakusema "nimebarikiwa" wakaketi. Walisema: nilimwonea wivu mwenzangu, niliiba, ninayo chuki na mzungu ninayefanya naye kazi, na mzungu naye akasimama akatubu kiburi chake mbele ya watu aliokuwa akiwaamuru. Waliita kutembea nuruni. Nyimbo za sifa zilifuata, na zilikuwa na nguvu kwa sababu hapakubaki kitu kilichofichwa nyuma yake. Leo tumebakiza wimbo tukaacha nuru. Nalisema hili kwa uchungu, maana uamsho ule ulinilea kupitia wazee walionifundisha kusali.

Sitaki kumwonea mhubiri wa kukiri, kwa maana ana hoja. "Mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi," yasema Mithali 18:21, na kila aliyelelewa na mzazi mwenye kinywa kikali anajua kwamba ni kweli. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba hana akili ataacha kujaribu. Mfanyabiashara anayeamka akisema "leo hapauziki kitu" hatapanga bidhaa zake vizuri, na mteja akipita hatamwita. Wapelelezi kumi kati ya kumi na wawili waliotumwa na Musa waliona majitu na kuta, na taifa zima likalia usiku kucha kwa sababu ya maneno yao. Lakini angalieni alichofanya Kalebu. Hakukana kwamba majitu yapo. Hakusema kuta ni fupi. Alikubali kila kilichoonekana, akaongeza ambacho wale kumi walikisahau, kwamba Bwana yu pamoja nao. Tofauti ya Kalebu na wale kumi ni kwamba yeye aliona mengi zaidi. Anayeshauri tufumbe macho anatupeleka mbali na Kalebu vile vile kama mnung'unikaji.

Sasa niende kwenye jambo linalonisukuma kuandika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa Kasensero na vijiji vingine vya Rakai kando ya ziwa walianza kukonda na kufa. Wakauita ugonjwa huo Silimu. Wengi walisema ni uchawi. Makanisani ulikuwa ugonjwa wa aibu; aliyeugua alifichwa chumba cha nyuma, akafa, na kwenye mazishi ikasemwa ni malaria. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa miaka kadhaa tulifichana na kuumbuliwa kijiji kwa kijiji.

Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, alimzika mumewe Christopher aliyekufa kwa UKIMWI. Mwaka huo huo yeye na wenzake, ambao wengi wao walikuwa tayari na virusi, walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wanaoishi na UKIMWI. Kaulimbiu waliyoichagua ilikuwa kuishi kwa matumaini na UKIMWI. Mtu akumbuke mwaka. Dawa za kupunguza makali hazikuwapo. Hapakuwa na kidonge cha kumpa mgonjwa kisha umwambie atapona. Kuishi kwa matumaini kulimaanisha kwanza upime, ujue, umwambie mwenzi wako, halafu ule vizuri, utibu kila ugonjwa nyemelezi unapojitokeza, uendelee kufanya kazi unayoweza, uandike wosia, na uwaandae watoto. Kila hatua kati ya hizo ilianza na ukweli. Ukitoa ukweli, hakuna hatua inayobaki.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mpaka leo likinijia nashindwa kuendelea na kazi. Akina mama walioishi na virusi, kupitia chama cha NACWOLA, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Daftari la kawaida la shule. Humo mama aliandika jina la ukoo wa baba, babu alizikwa wapi, mtoto alizaliwa lini na mvua ilikuwa ikinyesha au la, alipenda kula nini, jirani gani ni mwaminifu. Aliandika kwa mkono wake, mara nyingi akiwa kitandani, na mtoto akiwa ameketi karibu akiuliza maswali. Yule mama hakuwa "akikiri kifo". Alikuwa akimpenda mtoto wake kwa muda uliobaki, na hangeweza kuandika ukurasa wa kwanza bila kukubali kwamba muda ni mfupi. Wengine walioandika madaftari hayo waliishi mpaka dawa zikafika, wakawalea watoto wao wenyewe. Hawakujua kwamba itakuwa hivyo walipokuwa wakiandika, na waliandika.

Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alirudi kutoka Sweden na kuitangazia nchi kwamba ana UKIMWI. Wako waliomwambia anatafuta umaarufu. Alizunguka mashuleni na makanisani akiwa amedhoofika, akafariki Desemba mwaka huo. Kisha mwaka 1992 kasisi wa Kianglikana, Gideon Byamugisha, ambaye mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akasema hadharani kwamba naye anaishi na virusi. Hebu fikiria kasisi amesimama na neno hilo kinywani, katika kanisa la wakati ule. Ndiye kiongozi wa kwanza wa dini Afrika anayejulikana kufanya hivyo. Watu wangapi walikwenda kupima kwa sababu yake hatuwezi kuwahesabu, lakini viongozi wengine wa dini walimfuata, na milango ya makanisa mengi ikafunguka.

Ndiyo maana nasikia vibaya sana ninapomsikia mhubiri wa leo akimwambia mgonjwa aache vidonge vyake akiri uponyaji. Yanatokea, na wahudumu wa kliniki wanajua. Mtu anarudi baada ya miezi kadhaa akiwa mifupa mitupu. Katika nchi hii, baada ya wote tuliowazika, fundisho hilo ni dhambi, na nalitaja kwa jina hilo.

Tumaini la namna ile ya mwaka 1987 lilionekana tena Gulu miaka kumi na mitatu baadaye. Oktoba 2000 Dkt. Matthew Lukwiya, mkuu wa Hospitali ya Lacor, alikuwa Makerere akisoma shahada ya uzamili. Alipigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Akarudi. Usiku ule ule akakesha na majalada ya wagonjwa, akilinganisha dalili na vitabu, na alipoona sura ya jambo lenyewe hakungoja barua ipite ofisi hadi ofisi. Aliarifu wizara, akafungua wodi ya kuwatenga wagonjwa hata kabla maabara ya Afrika Kusini haijathibitisha kwamba ni Ebola. Mlipuko ule uliwapata watu 425 na kuua 224. Dunia haikuwa imewahi kuona mlipuko mkubwa wa Ebola kuliko huo. Kama angejipa moyo kwa kusema labda ni malaria kali, idadi ingekuwa nyingine.

Mwishoni mwa Novemba wahudumu walianza kukata tamaa. Wenzao walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine, na wengi walitaka hospitali ifungwe. Lukwiya aliwakutanisha, akakaa nao kwa saa nyingi. Hakuwaambia hawataambukizwa. Wangemcheka, au wangelia, maana walikuwa wametoka kuosha maiti za rafiki zao. Aliwaeleza hatari kama ilivyo na kazi kama ilivyo, akasema yeye anabaki. Wakabaki naye. Walijua neno lake halikuwa la jukwaani: mwaka 1989 waasi walipokuja kuwateka watu hospitalini alijitoa achukuliwe yeye. Alifariki kwa Ebola tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43, baada ya kumhudumia muuguzi aliyekuwa akifa, na akazikwa pale pale Lacor. Alikuwa mtu wa imani, na imani yake ilifanya kazi ya kumtia nguvu atazame kilichopo. Kila ninaposikia neno "mtazamo chanya" namfikiria yeye na taa yake na yale majalada.

Najua msomaji atasema hao ni mashujaa, na mimi nina duka la simu Busia au bodaboda ya mkopo Jinja. Ni kweli. Maisha ya wengi wetu yanapimwa kwa mambo madogo, na mambo madogo ndiyo yanayochosha moyo zaidi, kwa sababu hakuna anayekuja kukupongeza.

Kuna mama mmoja anayeuza dagaa sokoni hapa, dagaa wa Majanji, wale wanaoanikwa mchangani. Wiki moja ya mvua ilimkuta na mzigo uliokuwa haujakauka. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, amemwaga magunia juu ya turubai, anachambua kwa mikono miwili.

"Habari ya leo, mama?"

"Nzuri, mwanangu. Soko limelala, na hawa mvua imewaharibu." Akaninusisha konzi moja. "Hawa ni wa kuku. Hawa bado ni wa watu."

Mafungu mawili. La kuku lilikuwa kubwa kuliko la watu, na bei yake ni chini ya nusu. Pembeni alikuwa na daftari lililofungwa kwa mpira, lenye majina ya wanaomdai na anaowadai. Alinieleza kwamba jioni ya juzi alikwenda kwenye kikundi chao cha kuweka akiba akawaambia wenzake, bila kuzunguka, kwamba rejesho la wiki hiyo hana. Walimwuliza maswali, wakaona turubai, wakamwongezea wiki mbili. "Ningenyamaza," akasema, "wangeona nimewakimbia." Halafu akarudi kuchambua huku akiimba wimbo wa ushirika, sauti ya chini, akikatiza tu kumjibu mteja.

Nilichokiona pale ndicho ninachojaribu kukieleza. Yule mama alichagua. Angeweza kukaa akilaani mvua na serikali na majirani, na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza pia kusema "nimebarikiwa" na kujificha kwa kikundi mpaka deni limkabe. Alifanya hesabu ya hasara, akatenganisha kilichoharibika na kilichosalia, akawaambia wanaohusika, akaimba. Na sehemu ya furaha yake ilitoka kwa wenzake. Mtazamo mwema wa mtu mmoja mmoja, akiwa peke yake chumbani na simu yake, hudumu mpaka Jumanne. Wenye kikundi, wenye ushirika wa nyumba kwa nyumba, wenye ndugu anayejua deni lao, hao hudumu.

Kuhusu simu, niseme tu kwa kupita: anayeanza siku kwa kusoma matusi ya watu asiowajua kabla hajasema neno moja na Mungu wala na mkewe asishangae ikifika saa nne asubuhi moyo umechoka. Nabii aliyeandika Maombolezo alikuwa amekaa katika mji ulioteketezwa, na anasema: "Neno hili najikumbusha nafsini mwangu, kwa hiyo nina matumaini." Alichagua cha kujikumbusha. Lakini alikuwa ameshaandika sura mbili nzima za kilio kabla ya kufika hapo, na Mungu aliziacha sura hizo ndani ya Biblia.

Kuna kundi jingine linalotumia mtazamo mwema vibaya, nalo ni lile lenye mamlaka. Mwajiri aliyechelewesha mishahara anawaambia wafanyakazi wamshukuru Mungu kwa kila jambo. Mwanamume anayempiga mkewe analetwa kwa wazee, na mke ndiye anayeambiwa awe mvumilivu na mwenye moyo mweupe. Maandiko yenyewe yanakataa. Mjane wa Luka 18 hakumchekea hakimu, alimsumbua, na Yesu akamfanya mfano wa kuomba. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua wakilalamikia mauaji na uonevu. Luwum aliuawa tarehe 16 mwezi huo huo. Hakuna anayeweza kusema alikuwa mtu wa manung'uniko au wa imani haba. Kulalamika mbele ya Mungu na mbele ya mwenye uwezo wa kurekebisha ni tofauti na kunung'unika kwa jirani asiye na la kufanya, na nadhani nusu ya mafundisho yetu juu ya jambo hili yangenyooka kama tungeshika tofauti hiyo.

Msamaha nao umeingizwa humo humo. Tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA waliwateka wasichana 139 kutoka shule ya Mtakatifu Maria, Aboke. Sista Rachele Fassera aliwafuata porini akarudi na 109. Thelathini walibaki, na mmoja wao alikuwa binti wa mkunga aitwaye Angelina Atyam. Wazazi walikuwa wakikutana kusali, na Atyam amesimulia jinsi walivyofika siku moja kwenye maneno "kama sisi tunavyowasamehe" wakashindwa kuendelea. Walinyamaza. Walirudi nyumbani na sala haijaisha. Baadaye yeye alisamehe, akamtafuta mama wa kamanda aliyekuwa na binti yake, wakakumbatiana. Na huku amesamehe, hakuacha kupaza sauti dunia nzima kudai watoto warudishwe. Waasi walipomwahidi kumwachia binti yake endapo atanyamaza, alikataa, akataka wote. Binti alirudi mwaka 2004. Mtu akikwambia kusamehe ni kunyamaza, msimulie habari ya mama huyu. Na akikwambia Mkristo wa kweli husamehe papo hapo akitabasamu, msimulie kuhusu ile sala iliyokatika katikati, kwa kuwa bila kukatika pale sidhani kama msamaha wa baadaye ungekuwa na uzito.

Na wapo ambao moyo wao umelala kwa sababu wanaumwa. Sonona ni ugonjwa. Asiyeweza kutoka kitandani wiki ya tatu, asiyelala, anayewaza kujidhuru, hahitaji mstari wa Biblia ubandikwe ukutani kwake. Anahitaji kusindikizwa kituo cha afya, na ikibidi mpaka Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, na mtu wa kanisa lake akae naye kwenye benchi akingoja zamu. Mithali 25:20 inamfananisha anayemwimbia nyimbo mtu mwenye huzuni na anayemvua mwenzake nguo wakati wa baridi. Tumewavua wengi.

Rafiki zake Ayubu walikuwa na maneno mazuri kuhusu Mungu, sura baada ya sura. Ayubu alilia, akabishana, akailaani siku aliyozaliwa. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wale rafiki, akasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu.

Ninachowaomba wachungaji ni kitu cha kufanya Jumapili ijayo, hakihitaji semina. Kwenye kipindi cha ushuhuda, ambako kwa sasa husimama tu aliyepata kazi, viza au mtoto, mwiteni pia ambaye bado anangoja. Aseme anangoja nini na tangu lini. Kusanyiko lisome naye Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani, wala msikimbilie kuisoma ya 89 ili kuwatuliza watu. Kisha wazee wamfuate nje na daftari. Yakobo anauliza itafaa nini kumwambia asiye na nguo wala chakula aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa mahitaji ya mwili. Kama kinachosubiriwa ni karo, hesabuni pungufu ni kiasi gani. Kama ni lori lililozuiwa Malaba kwa ajili ya karatasi, kanisa la mpakani halikosi mtu anayemjua wakala wa forodha. Kama ni majibu ya hospitali, mmoja aende naye.

Kanisa moja dogo la Kiswahili hapa Busia limeanza kufanya hivyo. Waliogopa ibada itakuwa ya huzuni. Imekuwa ndefu zaidi, maana watu wanabaki baada ya baraka, wawili wawili kwenye mabenchi, wakiulizana mambo ambayo zamani yalijulikana tu siku ya mazishi. Vijana waliokuwa wameacha kuja wamerudi kadhaa. Mmoja wao, mwendesha boda, aliniambia kwamba alikuwa ameacha kwa sababu hakuwa na ushuhuda.